Kuhakikiwa uanafunzi mtandaoni nimegonga mwamba mara tatu, tatizo ni kitambulisho au ni mimi?

mchora_ghorofa:

Wakuu habarini za jioni. Naombeni msaada maana nimefika hatua nacheka mwenyewe kama chizi.

Mimi ni mwanachuo, nasoma uhandisi ujenzi, nimemaliza mwaka wa tatu naingia wa nne. Chuo kipo Dar ila saa hizi niko field (mafunzo kwa vitendo) Tabora. Nina laptop ya mtumba niliyoipata kwa kubana bumu semista mbili, na ile programu ya kuchorea majengo ambayo darasani kila mtu anaitumia, wenyewe wana utaratibu wa kumpa mwanafunzi bure mwaka mzima, mradi uthibitishe kweli unasoma. Kampuni siitaji, msije mkaacha kunisaidia mkahamia kuitukana kampuni.

Mpaka mwezi wa sita nilikuwa na ya kraki, yaani iliyovunjwa leseni, jamaa wa hosteli alinifungia kwa buku tano. Ilikuja na mdudu wake. Siku moja nachomeka flashi naona mafolda yote yamegeuka shotikati, nikibofya hakuna kitu, mchoro wa daraja niliokesha nao wiki mbili umeenda na maji. Lekchara habari za virusi hataki kuzisikia, anachojua ni tarehe ya kukusanya kazi. Ndo nikaapa hii ya sasa naichukua kwa njia halali.

Sasa sikieni. Nikajaza jina, chuo, tarehe ya kuzaliwa. Wakasema hawajaweza kunithibitisha papo hapo, niaplodi waraka. Nikapiga picha kitambulisho cha chuo, wakajibu hakionyeshi tarehe. Nikapiga upande wa nyuma wenye stika ya semista, wakasema jina halionekani. Mara ya tatu nikatoa barua ya udahili ya 2022, wakasema ya zamani. Sasa kila nikiingia naambiwa nimemaliza nafasi zangu.

Nifungue akaunti nyingine? Au ndo basi tena, hivi vitu ni vya wazungu tu?

---

Baba_Kraki:

Dada unajitesa bure. Telegram kuna watu wanauza imeili za vyuo vya nje, elfu kumi tu unapewa na nywila, unaingia nayo wanakukubalia hapo hapo bila kitambulisho wala stika. Mimi natumia mwaka wa pili huu.

---

kijana_wa_kozi:

Mkuu Baba_Kraki na hao wauzaji wako mnafika kubaya. Ntarudi kwako, ngoja kwanza nimjibu mwenye mada.

Dada, kosa si lako na wala si la uzungu. Nimeshapita huko kwa vitu kama vitatu tofauti na ninachokiona ni kwamba anayekagua anatafuta mambo matatu kwenye waraka MMOJA. Jina lako kama ulivyolijaza, jina la chuo, na tarehe inayoonyesha unasoma mwaka huu wa masomo. Vyote kwenye picha moja. Wewe umewapa jina na chuo picha ya kwanza, tarehe picha ya pili, yeye hana muda wa kuunganisha, kila picha anaihukumu peke yake. Barua ya 2022 nayo inasema ulikubaliwa, haisemi kama bado upo, ungeweza kuwa ulidisko (ulifukuzwa kwa kufeli) mwaka wa kwanza ukarudi kijijini, atajuaje?

Vitambulisho vyetu ndo vilivyo, vingi havina tarehe ya mwisho mbele, uhai wake ni ile stika ya nyuma, na semista ikiisha na stika imekufa. Mlinzi wa getini anaelewa, mtu aliyekaa nje huko hajui stika ni nini.

Na jina je? Ulijaza vipi, na kwenye kitambulisho limekaaje?

---

mchora_ghorofa:

Asante mkuu kwa kunielewa, nilishaanza kujiona mshamba.

Kwenye kitambulisho limeanza jina la ukoo kwa herufi kubwa, koma, halafu jina langu, halafu la baba herufi moja na nukta. Mimi nilijaza la kwanza na la baba kwa kirefu kama kwenye imeili yangu, la ukoo sikuweka kabisa. Halafu kile kitambulisho nimekilamineti tena juu ya lamineti maana kilianza kubanduka, nikipiga picha taa inang'aa katikati ya jina la chuo, linasomeka nusu.

Imeili ya chuo ninayo, niliifungua mwaka wa kwanza kwenye orientesheni sijawahi kuigusa tena, nywila sikumbuki.

---

Komredi_Eldi:

Salamu kutoka Eldoret. Dadangu hiyo ya majina hata huku ipo sana. Mimi shuleni niliandikwa majina matatu, chuoni wakaanza na la mwisho, kwa simu niko na mawili tu, sasa mashine inaona watu watatu tofauti. Nilichofanya ni rahisi, nilienda kwa akaunti nikabadilisha jina likafanana na karatasi neno kwa neno. Badilisha akaunti ifuate karatasi, usitafute karatasi ifuate akaunti, hutapata.

Na kitambulisho mimi nilikiacha kabisa. Niliingia kwa potali ya chuo nikatoa ile stetimenti ya karo, hiyo iko na jina lote, jina la chuo juu na nembo, mwaka wa masomo, na tarehe niliyoitoa iko pale chini. Nikaituma ikiwa PDF vile ilivyotoka. Kitu kimekubali kabla chai ipoe.

Hiyo ndio niliitumia kupata ile pakiti ya wanafunzi ya GitHub, mtandao wa kuhifadhia kodi za programu, na kama hujaichukua ichukue, iko na mambo mengi ndani, domeini (anwani ya tovuti) ya bure mwaka mmoja, kredito za seva, na kadhalika. Lakini wale wako na mambo yao. Wanataka uwashe uthibitisho wa hatua mbili kwanza, ujaze jina lako kamili kwa ile sehemu ya malipo hata kama hulipi kitu, na wanaomba eneo ulipo. Ukiwa mbali na chuo wanaweza kukuambia hauko karibu na kampasi. Basi wewe wa Tabora hiyo iwache mpaka urudi Dar, ama utumie imeili ya chuo na waraka ulioshiba. Na fungulia kwa simu, kamera ya laptop ya mtumba itakuaibisha.

Ukikubaliwa usianze kulia kama vitu havijafunguka siku hiyo, inaweza chukua hata siku tatu.

---

kijana_wa_kozi:

Komredi umenena. Hapo kwenye eneo niongezee, ZIMENI VPN, ile programu inayoficha uko wapi. Tangu mtandao wa X (Twitter ya zamani) ufungwe huku kwetu Mei 2025 nusu ya wanachuo simu zao VPN iko on asubuhi mpaka jioni mtu keshasahau kama ipo, anajaza fomu anasema anasoma Dar halafu mashine inamuona yuko Uholanzi. Hata ningekuwa mimi ningekutilia shaka.

---

mchora_ghorofa:

Mungu wangu. Mara ya kwanza na ya pili nilikuwa Singapore 😂😂

---

mzee_wa_TEHAMA:

Nafanya kazi kitengo cha TEHAMA kwenye chuo kimoja, kipi msiniulize. Hili suala kila mwaka mwezi wa kumi linanijia mezani, kwa hiyo niseme machache.

Kwanza kwa nini mwenzako aliyeko Marekani anapita kwa sekunde na wewe unaombwa waraka. Kule kuna National Student Clearinghouse, ipo tangu 1993, vyuo vinapeleka huko taarifa za nani kasajiliwa semista hii, kwa hiyo mtu akihakikiwa kompyuta inauliza kompyuta. Kampuni nyingi hazihakiki zenyewe, zinawapa kazi watu kama SheerID au UNiDAYS. Wao kwanza wanajaribu kukutafuta kwenye orodha walizonazo, wakikukosa ndo unaombwa karatasi. Sisi huku karibu wote tunaangukia kwenye karatasi. Ukiona ile meseji ya "hatujaweza kukuthibitisha papo hapo" usipaniki, haijasema wewe ni tapeli.

Pili, imeili. Binti, imeili ya chuo ni mali, wewe umeitupa kabatini miaka mitatu. Nenda kitengo cha TEHAMA cha chuo chenu, au wapigie, watakubadilishia nywila, ni kazi ya dakika mbili. Ukiwa na imeili inayoishia ac.tz na inayofanya kazi, kuna sehemu hata waraka huulizwi. JetBrains kwa mfano, wale wa programu za kuandikia kodi, wana orodha ya wazi ya domeini za vyuo duniani inaitwa Swot, ipo GitHub kila mtu anaiona. Unafungua folda la domeini, unaingia tz, unaingia ac, kila chuo kina kafaili kadogo ka maandishi, ndani jina la chuo tu, basi. Chuo chako kikiwemo unabonyeza linki inayokuja kwenye imeili yako ya chuo, unapata leseni ya mwaka, mwakani unaihuisha. Kisipokuwemo, mtu yeyote anaweza kuomba kiongezwe, sharti chuo kiwe na kozi ya kompyuta ya zaidi ya mwaka na wanafunzi wawe wanapewa imeili. Nimeshaona mwanafunzi wa diploma anaomba chuo chake kiongezwe, mkuu wa chuo mwenyewe hajui kama kuna kitu kama hicho.

Ila ukishafungua kitu kwa imeili ya chuo weka na ya kwako binafsi pembeni, maana ukihitimu siku yoyote inaweza kuzimwa na kazi zako zikabaki ndani.

Tatu, akaunti ya pili USIFUNGUE. Waandikie huduma kwa wateja, eleza kwa ufupi, sema umemaliza majaribio kwa sababu uliambatanisha waraka usiofaa na sasa unao sahihi. Kuna binadamu huko, wanafungua.

---

Baba_Kraki:

Maelezo marefu yote hayo kwa kitu cha elfu kumi. Haya.

---

kijana_wa_kozi:

Ndio narudi kwako sasa. Hiyo imeili uliyonunua nywila yake anayo nani mwingine? Aliyekuuzia. Namba ya kuirudishia ni ya nani? Ya aliyekuuzia. Yaani kazi zako za miaka miwili umeziweka nyumba ambayo funguo ya akiba anayo mtu usiyemjua hata sura. Nina rafiki yangu alinunua hivyo hivyo, wiki ya kuwasilisha projekti akaunti ikafungwa, kumbe imeili ilikuwa ya mtu wa kweli huko, mwenyewe alipogutuka akabadilisha nywila. Muuzaji alishabadilisha jina Telegram zamani.

Na wale wanaochezea kitambulisho kwenye simu wakaandika tarehe mpya, hiyo siyo ujanja, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kosa la kughushi kwa kutumia kompyuta. Kwa ajili ya programu ambayo una HAKI ya kupewa bure?

---

mama_wa_steshenari:

Mimi sina mengi, nina steshenari karibu na geti la chuo, wanachuo wanakuja kwangu kuskani kila siku. Wanangu, msipige picha kitambulisho juu ya shuka la maua usiku na flashi imewaka. Njoo mchana, weka kwenye karatasi nyeupe, zima flashi, simama upande taa isikupige mgongoni. Kama ni karatasi iskaniwe kurasa nzima kona zote nne zionekane, nembo isikatwe. Miatano tu kwangu.

Na mnapomaliza futeni faili lenu kwenye kompyuta yangu jamani!! Nina vyeti vya watu, namba za NIDA, index za form four, siku mtu mbaya akikaa kwenye hiki kiti mtalia.

---

mzee_wa_TEHAMA:

Mama kagusa penyewe. Anayekuhakiki haitaji NIDA yako, haitaji index namba ya form four, haitaji kujua bodi ya mikopo imekupa asilimia ngapi. Ila usichukue waraka wenye vyote hivyo ukaanza kupaka wino mweusi, ukifutafuta wanaweza kudhani umeghushi. Tafuta waraka ambao toka mwanzo hauna hivyo vitu.

---

mchora_ghorofa:

Sasa ndo tatizo langu wakuu. Stetimenti ya ada kwenye mfumo wetu inaonyesha na mkopo wote. Fomu ya usajili ninayoweza kutoa ni ya mwaka ulioisha mwezi wa saba, ya mwaka mpya mpaka chuo kifunguliwe nilipie ada kwa control namba ndo mfumo unafunguka. Niko katikati, si wa mwaka uliopita si wa mwaka ujao. Nisubiri mpaka Novemba?

---

kijana_wa_kozi:

Dada si umesema uko field?

---

mchora_ghorofa:

Ndio, Tabora, mpaka mwisho wa mwezi huu.

---

kijana_wa_kozi:

Na hapo field ulipokelewa kwa barua gani?

---

mchora_ghorofa:

...

Jamani.

Barua ya chuo ya kunitambulisha. Iko kwenye begi. Inakaa kwenye begi tangu mwezi wa saba nimeikunja mara nne. Inasema huyu, majina matatu kwa kirefu, ni mwanafunzi wetu wa mwaka wa tatu, anakuja kufanya mafunzo kwa vitendo kuanzia tarehe fulani mpaka tarehe fulani 2025, nembo juu, muhuri na sahihi chini, kwa Kiingereza. Hakuna NIDA hakuna mkopo.

Mimi ni mjinga kweli.

---

Komredi_Eldi:

😂😂😂 Karatasi ilikuwa kwa begi wakati wote. Ipigwe pasi kwanza hiyo barua.

---

mzee_wa_TEHAMA:

Hiyo ndo yenyewe. Waambie kwenye imeili kwa sentensi moja kwamba mafunzo kwa vitendo ni sehemu ya kozi na yanafanyika likizo ndefu, ili asijiulize kwa nini mwanafunzi yuko kazini. Badilisha jina la akaunti liwe matatu kama kwenye barua. VPN izime.

---

mchora_ghorofa:

Mrejesho wakuu, siku tatu baadaye.

Barua nimeipiga pasi kweli, juu ya taulo, moto mdogo. Steshenari ya hapa karibu na stendi wameiskani kwa jero, na faili nimelifuta mwenyewe nikahakikisha mpaka kwenye kapu la taka, mama nimekusikia. Nimeandika imeili mistari minne, nimebadilisha jina, VPN off. Kesho yake saa nne asubuhi wakajibu wamenifungulia nafasi moja. Nikaaplodi nikaenda kunywa chai, narudi imekubali, mwaka mzima!!

Bando ndo limekufa. Programu yenyewe ni magiga ya kutosha, nimedaunlodi usiku kucha kwa kifurushi cha usiku, saa kumi na moja alfajiri ikakatikia asilimia tisini na mbili nikalia kidogo, ikaendelea.

Imeili ya chuo pia nimeirudisha, nimepiga simu, yule kaka wa TEHAMA alinicheka lakini kanisaidia. Nikirudi Dar nafuata hiyo ya GitHub.

Swali moja limebaki. Bosi wa hapa field, mkandarasi, kaona nachora vizuri, leo kaniambia nimchoree ghala la mteja wake, atanipa kitu kidogo. Nitumie hii hii si ndio?

---

mzee_wa_TEHAMA:

Hapana binti. Soma masharti uliyoyakubali, leseni za wanafunzi karibu zote ni za kujifunzia, kazi ya kulipwa haimo. Zoezi la field la kuweka kwenye logibuku yako sawa, ghala la mteja si sawa. Mwambie bosi ofisi yake itakuwa na leseni yake, ukae kwenye kompyuta yao uchore. Na kama hawana, kuna programu za kuchorea kama FreeCAD na LibreCAD, ni za bure kwa yeyote hata kwa kazi ya pesa, hazitaki kitambulisho wala stika.

---

mchora_ghorofa:

Kompyuta yao ina kraki mzee wangu. Nimeshaiona, ina zile shotikati.

---

Baba_Kraki:

Mniache 😂